Chuma cha Kijani

Nairobi, 10 Juni 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenikalia mabegani. Jua litapatwa tarehe thelathini, na profesa wetu amenichagua twende kaskazini, Ziwa Rudolf. Jua likifunikwa lote, huonekana mwanga mweupe unaolizunguka. Ajabu ni kwamba huko nje kuna joto kupita uso wa jua wenyewe, zaidi ya mara mia, na hakuna ajuaye linatoka wapi. Tutaupitisha mwanga huo kwenye kioo kinachotenganisha rangi. Kuna mstari mmoja wa kijani hutoka kwenye chuma kilichogeuka mvuke. Hicho ndicho kipimo chetu cha joto.

Mwanao,
Polycarp

Kariakoo, 18 Juni 1973

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mgonjwa ni sukari, haionekani madukani. Nimechomelea vyuma kwenye karakana za mtaa wa Gerezani miaka ishirini. Chuma huwa chekundu, kikawa cha njano, kikawa cheupe. Cha kijani sijakiona. Na aliye mbali na jiko haungui kuliko anayelipuliza. Hao maprofesa wana lao jambo.

Lakini unajua jicho langu la kushoto lilivyokufa kwa mwanga wa kuchomelea. Usilitazame jua, Polycarp. Naogopa. Likishapatwa tu, niandikie.

Baba yako,
Augustino

Nairobi, 20 Julai 1973

Baba,

Shikamoo. Usishtuke, mwandiko huu ni wa Filbert, tunakaa naye chumba kimoja. Tulipokuwa tukifungasha kurudi, niliteleza nikiwa nimebeba kasha la vyombo, mkono wa kulia ukavunjika. Macho mazima. Dakika zote tano za giza nililigeuzia jua mgongo, nabadilisha filamu kwenye kamera! Mstari wa kijani umetoka pale pale tulipoutarajia. Kinachopasha joto lile bado hatujakijua.

Mwanao,
Polycarp

Kariakoo, 2 Agosti 1973

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Barua ilifika Jumanne. Kuona mwandiko wa mtu mwingine kwenye bahasha, nikajua umepofuka, sasa unaandikiwa. Sikuifungua. Nilikaa nayo mfukoni siku mbili. Leo balozi wetu wa nyumba kumi, Hamis, kaninyang'anya akaisoma kwa sauti hapa karakana. Aliposoma umevunjika, nikaruka: "Mkono! Mkono tu!" Watu wakadhani nimerukwa na akili. Mungu ashukuriwe. Lililopatwa ni jua, macho yako hayakupatwa.

Jana nilikwenda kuulizia basi la kuja huko Nairobi kukuchukua. Nikarudi kwa miguu nafikiria nitakavyokushika mkono tukivuka Mtaa wa Msimbazi, wewe mtu mzima. Sasa pona, uje uvuke mwenyewe.

Baba yako,
Augustino