Mwanangu Amegundua Kabla ya Wiki ya Tisa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kwanza uniwie radhi kwa kukawia kuandika, maana kila nikishika kalamu huyu mdogo ananyonya au analia au ananyonya huku analia, na nikitoka zamu kwenye tanuri la mikate macho yanajifunga yenyewe, lakini leo siwezi kungoja tena kwa sababu Jumatatu binti yangu wa miaka minane anatakiwa asimame mstarini mbele ya shule nzima aombe radhi, na kosa lake ni kujua hesabu.

Sitanii. Shule yenyewe ina bango getini, Hekima ya Kale, Mikono ya Leo, na siku ya kuandikisha mwalimu mkuu alitueleza kwa tabasamu pana kwamba asubuhi watoto wanakariri kama walivyokariri mababu, majedwali na sarufi na mashairi, halafu mchana wanashika vitu na kugundua wenyewe, nami nikafurahi, nikamwambia mume wangu hapa ndipo, mtoto atapata kichwa na mikono, kumbe walichofanya ni kumkata vipande viwili, asubuhi hairuhusiwi kugusa na mchana hairuhusiwi kukumbuka. Ukitaja mchana ulichokariri asubuhi unaambiwa usiwaharibie wenzako, kaa, shangaa.

Sasa huyu binti tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Akitoka shule hunisubiri kazini karibu na meza ya kupoozea mikate, na siku hiyo nilikuwa nimepanga mikate midogo kwenye trei, mistari minne ya sita sita, yeye anaimba jedwali lake la asubuhi, nikaigeuza trei ili ipite mlango wa tanuri, akaacha kuimba akaanza kuihesabu kwa kidole. Kisha akapiga kelele, "Mama! Sasa ni mistari sita ya nne nne na hakuna mkate ulioongezeka!" Nikamwambia ndiyo mama, sogea utaungua. "Hunielewi! Sita mara nne na nne mara sita ni kitu kimoja kimegeuka tu. Kwa hiyo karibu nusu ya jedwali ni ya bure, tunakariri mara mbili kama wajinga!" Nilicheka hadi mwenzangu wa tanuri akauliza kuna nini.

Kesho yake wakati wa mapumziko akawasimulia wenzake, mtoto gani angekaa kimya na habari kama hiyo. Basi wiki kadhaa baadaye wakaja wageni kutazama somo, mwalimu wa mchana akamwaga vifuniko vya chupa mezani, akavipanga, akavigeuza, akauliza kwa ile sauti ya kubembeleza, "Haya wagunduzi wangu, tunaona nini?" Darasa zima likajibu kwa pamoja, tena kwa kuchoka, "Ukigeuza ni ileile, nusu ni ya bure!" Somo la saa nzima likaisha wageni hawajakaa vizuri kwenye viti, na mmoja akacheka.

Nikaitwa. "Mama Chiriku," mwalimu ananiambia, "ugunduzi huu umepangwa wiki ya tisa. Mwanao kaufanya wiki ya sita, tena kausambaza." Kausambaza, kama homa! Na mwalimu mkuu pembeni anatikisa kichwa utadhani yuko msibani. Mpaka aombe radhi, kila mchana anakaa peke yake akitazama ukuta.

Baba yake, ambaye ni fundi wa friji, anasema, "Aseme samahani yaishe, neno lenyewe halilipiwi." Nami kwa kuchoka nikakubali, nikamwambia mtoto. Akaniuliza, "Kwani nimekosea hesabu?" Nikasema hapana. "Basi samahani ya nini?" Nikajifanya naangalia nepi ya mdogo wake. Tangu hapo Chiriku amepoa. Jana nimemuuliza mezani imebaki mikate mingapi, akanitazama kwanza, kisha akasema polepole, "Hiyo naruhusiwa kuijua?"

Nimefikiria kumhamishia kwenye shule ya kucheza tu, isiyokaririsha chochote, hayo majedwali yapotelee mbali. Sijui. Ninachohitaji unitumie ni maneno ya kumwambia mwalimu mkuu, maneno ya kumwambia mtoto, na maneno ya kumwambia baba yake, na tafadhali yafike kabla ya Jumatatu.

Mama Chiriku

*

Mama Chiriku,

Pole kwa uchovu. Pole imeisha, sasa nisikilize.

Mchana katika shule hiyo hakuna anayegundua kitu. Kuna mwalimu aliyeficha jibu mfukoni na watoto wanaofundishwa kutoa macho anapolichomoa. Huo ni mchezo wa kuigiza, na binti yako ameadhibiwa kwa kutojua kuigiza. Mwalimu mwenye akili angekunja karatasi yake ya somo akasema, "Vizuri, Chiriku. Kila hesabu ina pacha wake. Haya, nitafutie zisizo na pacha." Mtoto angerudi kwenye vifuniko, angepanga sita mara sita, angegeuza, angeona hakuna kilichobadilika hata sura, na wageni wangeondoka na cha kusimulia. Lakini mwalimu wenu alikuwa analinda wiki ya tisa. Mtu anayemkasirikia mtoto kwa kuwahi kuelewa akapange safari za mabasi.

Nawe usijifiche nyuma ya nepi. Mtoto kakuuliza swali la haki ukamkimbia. Uchovu wako naujua, ila yeye hakuuona uchovu, aliona mama yake yuko upande wa waliomkalisha ukutani.

Na hiyo shule ya kucheza tu, ifute kichwani. Unadhani Chiriku aliona nini kwenye trei? Angekuwa hana jedwali kichwani angeona mikate, tena angeomba mmoja. Na angekuwa na jedwali bila trei angeliimba mpaka uzeeni kama kasuku. Vyote viwili vilimkuta mahali pamoja, ndiyo maana akapiga kelele. Shule yako inavyo vyote, imevitenganisha tu kwa kengele ya chakula. Usikimbie nusu moja kwa hasira ukaangukia nusu nyingine.

Nenda Ijumaa, kabla ya vipindi. Mdogo mwachie jirani, usipate kisingizio cha kuondoka mapema. Mwambie mwalimu mkuu hivi, taratibu, ukiwa umekaa: "Mwanangu hataomba radhi kwa jibu sahihi. Alilisema wakati wa mapumziko, na mapumziko ni yake. Leo mchana anarudi mezani kwa wenzake, na akiwahi kujua kitu, mpeni kigumu zaidi." Halafu nyamaza. Usikijaze kimya kwa "lakini samahani mwalimu", nawajua nyinyi. Akisema Jumatatu iko palepale, ombeni uhamisho hapohapo. Shule mtakayoitafuta si lazima iwe na bango. Kaa nyuma ya darasa mara moja, umtazame mwalimu anavyofanya akiulizwa swali asilolitarajia, kisha ndiyo uandikishe.

Ya mtoto mwambie leo, kabla hajalala, na uanze wewe: "Samahani, nilikosea mimi. Jibu lako ni sahihi na hutaliombea radhi kwa mtu yeyote." Ndiyo, samahani inayodaiwa nyumbani kwenu ni yako.

Ya baba yake ni mafupi: "Ijumaa hufungui karakana. Vaa viatu, twende."