Darasa la Tano, Si la Sita

Shosti, nimekwisha. Shangazi amenimaliza mbele ya watu thelathini na mmoja.

Si unalijua lile darasa langu la kujitolea la blokcheni, lile daftari la mtandaoni la watu wote, pale ukumbi wa mtaa? Saa nzima nawaeleza kwamba kinachoandikwa humo hakifutiki, hata mimi siwezi kukifuta. Wananitazama kama nauza dawa ya panya. Nikasema basi, mmoja aje ajaribu.

Akaja shangazi. SHANGAZI!

Akaandika kwenye ukurasa wangu wa darasa humo: "Mwalimu huyu ni mtoto wa kaka yangu. Alikojoa kitandani mpaka darasa la sita."

Nikamwambia, "Shangazi, futa."

"Si umesema haifutiki, mwanangu? Au ulikuwa unatudanganya?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakajiandikisha wote papo hapo kuitumia, maana kila mtu ana ndugu wa kumwandika.

Na ukurasa huohuo nimeutaja kwenye barua ya kuomba kazi. Usaili ni Jumatatu.

Kibaya zaidi, taarifa yenyewe haikuwa sahihi. Nikashindwa kuvumilia. Nikaandika chini yake, kwa jina langu kamili: "Marekebisho: ni darasa la tano."

Nayo hayafutiki.