Mama Ameacha Vidonge Akingoja Dawa Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena, na hata sasa uso unaniwaka kwa aibu.

Mimi ni mtafiti wa maabara, kazi yangu ni vipokezi vya ubongo, yaani vitu kama vitasa vidogo kwenye utando unaoizunguka seli, ambavyo kemikali ya mwili ikiingia kama ufunguo seli inapata habari na kuanza kazi, na hiki tunachokishughulikia sisi tunakiita yatima kwa sababu hakuna anayejua ufunguo wake wa asili, kipo tele kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa viungo, panya akiondolewa kipokezi hicho mwendo wake unaharibika, ndiyo maana tunatumaini ipo siku kitawafaa wagonjwa wa kutetemeka. Mama yangu ni mmoja wao. Ni fundi cherehani, na mikono ile iliyonisomesha haiwezi tena kutunga uzi kwenye sindano bila vidonge vya hospitali.

Basi niliweka kemikali yetu moja kwenye seli tulizozipandikizia kipokezi kile, zikang'aa vile tunavyotaka, ishara kwamba zimeijibu, na kwa kiherehere changu jioni ileile nikaenda nyumbani nikamwambia mama, mbele ya dada yangu na wateja, kuwa ufunguo nimeupata na dawa iko njiani, mama akaliacha gauni la watu akanikumbatia, mtaa ukaanza kuniita Daktari wa Ubongo, nami nikaitika. Nilichokiruka ni seli tupu, zile zisizo na kipokezi, ambazo lazima nazo ziwekewe kemikali ileile ili ujue kama kweli kipokezi ndicho kinachojibu. Zangu zilikuwa zimefia kwenye kabati la joto na sikuwa na subira ya kukuza nyingine. Nilipokuja kuzijaribu, mshauri, ziling'aa vilevile. Kemikali ilikuwa inagusa kitu kingine kabisa, na yatima wangu bado ni yatima.

Sikumwambia mtu. Mkuu wa maabara anajiandaa kuyatangaza matokeo mkutanoni, lakini hilo ningelibeba, kinachoniua ni kwamba juzi dada alinipigia simu kuwa mama ameacha vidonge, anasema vinamtia kichefuchefu, ya nini kuteseka na dawa ya mwanawe inakuja, sasa amekakamaa, analishwa kwa kijiko. Nikaenda nikamkuta kitandani, akaniita karibu, akasema polepole, "Niletee hata tone moja, nikujaribie. Usiogope, mimi ni mama yako." Na mimi nikamjibu, wiki ijayo. Nikimwambia ukweli sasa si nitamvunja moyo akafa nao?

Mwenye Aibu

*

Mwenye Aibu, barua yako nimeitoa kwenye foleni, na kabla haijapigwa chapa nimekupigia simu kwa nambari uliyoiacha. Hukupokea. Nadhani siku hizi hupokei ya mtu yeyote.

Pole, mwanangu. Nakuhurumia kweli, maana kumtafutia mzazi dawa kunamtia mtu haraka. Na kukosea maabara hakukufanyi mtu mbaya, seli tupu zenu zipo kwa sababu watu hukosea. Lakini ile "wiki ijayo" hukuikosea, uliisema ukijua. Halafu unajificha nyuma ya moyo wa mama. Moyo wake uache, tazama mwili: dawa hizo zikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kukakamaa zaidi, kushikwa na homa kali, hata kufa. Hilo unalijua, na unajua daktari atauliza kwa nini aliviacha, ndiyo maana unaandika kwa gazeti badala ya kumwita.

Tena mama hakuomba tone ili apone. Alisema akujaribie wewe. Yuko hoi kitandani na bado anataka kukusaidia kazi, nawe unamwangalia. Hapo umenikera.

Sasa fanya hivi. Leo hii mpeleke hospitali. Vidonge usimrudishie kwa kubahatisha, daktari aseme aanzie wapi, na mwelezeni habari ya kichefuchefu kwa sababu kina tiba yake. Kabla hamjatoka, mwambie, dada yako akisikia, kwa maneno ya sebuleni, si ya maabara: mama, nilikosea, dawa haipo, hata tone. Usilie ili akubembeleze. Atakubembeleza tu, nawe utaondoka umetua mzigo wako huku yeye amebaki na ugonjwa wake na mzigo huo. Wale wateja nao waambie, maana ndio wanaompa moyo wa kungoja. Mkuu wako muone kesho asubuhi kabla hajapanda jukwaani. Atakufokea, vumilia.

Mama akikuuliza kama utaendelea kutafuta, mjibu kweli, na usimtajie siku. Kisha daktari akishamrudishia vidonge, wewe ndiye utakayemshikia kikombe cha maji, mpaka ameze, kila utakapokuwa nyumbani.