Kokwa za Mng'ongo Nilizozifukia

Mama mkwe wangu, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini siwezi kusema nawe bila salamu, hata sasa ukiwa kaburini.

Juzi nilipita shambani kwako Iguguno. Matunda ya mng'ongo yalikuwa yametapakaa chini, mengine ya kijani, mengine ya njano. Nikaukumbuka mwaka ule mvua ilipokatika mapema na alizeti ikakauka bila mbegu. Neema, mwanangu wa kwanza, alikuwa ameachishwa ziwa, naye alikataa kila chakula. Kila tulipompeleka kliniki, uzito ulikuwa umepungua.

Nilikuwa mwalimu kijana, mgeni nyumbani kwako, nikijiona najua mengi. Asubuhi moja nilikukuta zizini ukiokota kokwa. Mbuzi walikuwa wameyala matunda mchana, kisha usiku, wakicheua, wakazitema.

"Mama, hizo zimetoka kinywani mwa mbuzi!"

"Mwalimu, wamenisaidia kumenya. Au ungemenya wewe kikapu kizima?"

Sikucheka. Ulipokwenda kisimani, nilizimwaga zote katika shimo la taka na kuzifukia. Niliita kitendo hicho usafi.

Uliporudi ukaona kikapu kitupu na udongo mbichi shimoni, hukunigombeza. Ulichukua jembe. "Chakula cha mjukuu wangu kimo humu," ulisema, ukaanza kuchimba.

Jirani alipita akakutania: "Bibi Neema, umegundua dhahabu?"

"Dhahabu hailiwi. Pita, mama, usinizibie mwanga."

Ulizichemsha, ukazianika, ukakaa chini na jiwe. Uligonga kila kokwa ukingoni, pigo moja tu, kifuniko chake kidogo kikafunguka. Kwa mwiba ukachokoa kiini cheupe. Nilijaribu, nikaponda kidole. Kazi ya asubuhi nzima ilitupatia viini vya kujaza kiganja kimoja. Ulivitwanga, ukavitia katika uji wa Neema, na mafuta yakang'aa juu yake. Mtoto alionja, akafungua kinywa tena.

Siku zilizofuata ulimtilia viini hivyo hata kwenye mboga ya mlenda. Maji machachu ya tunda lenyewe ulimkamulia katika uji uliokwisha kupoa. Muuguzi alinieleza baadaye kwamba viini vina mafuta na protini, na kwamba maji yale yana vitamini C kwa wingi. Wewe hukuwa na majina hayo. Nimesoma vitabu vingi, Mama, lakini hadi leo nastaajabu: ni mwanamke gani wa kwanza aliyeshika kitu kigumu kama mwamba, akaamini kwamba ndani yake kuna chakula cha mtoto?

Hukumwambia mwanao nilichofanya. Mimi nami sikukuomba radhi. Kwanza niliona aibu, kisha nikazoea, kisha tukakuzika.

Nisamehe. Kesho Neema anakuja na watoto wake. Nitamwambia ni nani aliyefukia chakula chake, na ni nani aliyechimba.

Pumzika, Mama.

Mkamwana wako,
Mama Neema