Kinu cha Kutafutia Chembe Nyepesi

Iringa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na viboko mwaka huu wametuachia mpunga hapo Mbwera? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye kalamu. Kaka Shabani akusomee taratibu, maana nina habari njema.

Unakumbuka Baba Mdogo alivyosema mtoto kama mimi, asiyeweza kuitikia hodi kwa sauti, arudishwe nyumbani, sayansi hataiweza. Basi Ijumaa mwalimu wa fizikia alikuwa anatafuta mmoja wetu wa kwenda mashindanoni Dar es Salaam. Ilibidi kila anayetaka aeleze jambo mbele ya shule nzima. Nilichagua mashine za Ulaya zinazogonganisha vipande vidogo sana kuliko vumbi, wataalamu wakitafuta chembe nyepesi ambazo hakuna aliyewahi kuziona.

Nilisema mashine ile ni kama kinu. Chembe zenyewe hazionekani zikitoka, kwa hiyo wanapima kilichoingia na kilichobaki. Kikipungua, huenda kitu chepesi kimeondoka kimyakimya.

Nilitaka niwaonyeshe kwa kutwanga. Lakini mchele wa jiko la shule siku hizi unatoka ng'ambo, umeshakobolewa. Nikatoa ule mpunga ulionitumia, na mpishi akaniazima kinu.

"Zuhura, umehama na shamba?" akauliza Neema wa darasa letu, na ukumbi ukacheka.

Nikapima mpunga, nikatandika mkeka, nikatwanga, nikapepeta. Nikapima tena mchele pamoja na pumba. Umepungua.

"Haya, umeshagundua," Neema akasema. "Kaa basi."

Nilikaribia kukaa kweli. Ndipo nikakukumbuka wewe, mama: mpunga ukipungua, hujawahi kumsingizia kuku kabla ya kukunja mkeka na kutazama chini yake.

"Bado," nikasema. "Kwanza tukunje mkeka."

Chini yake palikuwa na punje tele. Tukaziongeza kwenye mizani, na bado pakapungua kidogo, lile vumbi lililochukuliwa na upepo. Nikawaambia wataalamu nao hukunja mkeka kwanza, ndiyo maana mpaka leo hawajatangaza kuzipata chembe zile, na bado wanatwanga.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyuma kabisa. Akasema, "Sauti imefika mpaka huku. Dar unakwenda wewe."

Mchele tuliupika jioni. Aliyeomba ukoko ni Neema.

Nisalimie Bibi mzaa baba, na Shangazi wa Maparoni akija kuvuna. Baba Mdogo mwambie nimeitikia hodi.

Mwanao akupendaye,
Zuhura