Kilichozama ni Kanzu

Kigoma, siku ya pili ya mfungo tano

Mke wangu Mama Zaituni,

Kilichopotea ni kanzu yangu nyeupe, ile uliyoidarizi shingoni kwa mkono wako, na ilipotea siku ya kumi na tano ya mfungo mosi, ziwani mbele ya Kigwena. Mimi sikupotea. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu, usije ukaitupa barua ukidhani imetoka ahera.

Sasa salamu. Hujambo, mama? Zaituni naye, yale mafua yake ya asubuhi yamekwisha? Mimi mzima, ila nimekonda, na ndevuni zimeingia mvi tano.

Siku ile dhoruba ilitukuta katikati ya maji, na mtumbwi wa serikali umejaa unga wa askari. Msimamizi akaamuru mizigo itupwe. Yalitupwa magunia sita, la saba likawa fuko langu, na kanzu imo ndani. Nikasema, "Bwana, hilo la mtu wa dini, halina uzito." Akasema, "Basi liombee." Nikashuka Kigoma na shuka moja kiunoni.

Hapa nawasalisha askari na kuwazika wapagazi, na ruhusa ya kuondoka sina. Vita hivi vya Wadachi na Wabelgiji havijanigusa mwilini, lakini nimezika watu thelathini na wanne. Kila mmoja namtafutia jina la mama yake nimsomee talakini pale kaburini. Kumi na mmoja sikulipata.

Juzi nilikwenda ufukweni kununua ndagala, nikamwona Hamisi, yule mpiga kasia wa kijijini Gatete. Nikamwambia, "Amahoro, Hamisi." Akaangusha kasia.

"Mwalimu iko chini ya maji! Weye iko nani?"

Nikamshika mkono ajue wangu una joto. Ndipo akanieleza: kanzu ilitupwa na mawimbi, wavuvi wakaileta msikitini, na Maalimu Sefu, niliyemfundisha adhana mimi, akasema, "Kanzu haiendi ziwani bila mwenyewe." Mkanisalia. Mkanisomea hitima.

"Ilikuwa hitima nzuri, Mwalimu," akasema Hamisi. "Mbuzi wawili. Mimi nilikula sahani tatu."

"Na mke wangu?"

"Iko eda. Kaniki tupu, hatoki, hacheki. Lakini akimaliza, Sefu anamuoa. Amekwisha kupeleka neno kwa kaka yake."

Mama Zaituni, niliposikia umenililia nilifurahi, nisamehe. Kisha nikahesabu. Eda ni miezi minne na siku kumi. Yako inakwisha siku ya ishirini na tano mwezi huu. Zimebaki siku ishirini na tatu.

Kinachoniuma ni hiki: barua mbili nimekwisha kuleta. Nilizipeleka msikitini, kama desturi yetu, zisomwe baada ya sala ya Ijumaa. Na msomaji sasa ni nani? Sefu! Mimi niliyeingia Rumonge na ubao mmoja na msahafu mmoja, nikausimamisha msikiti ule kwa nguzo kumi na nane nilizozikata mwenyewe. Mimbari aichukue. Wewe, hapana.

Kwa hiyo barua hii inakuja ndani ya kikapu cha chumvi cha Hamisi, mpaka mkononi mwako. Isome mwenyewe. Ukiwa na shaka kama ni mimi, kumbuka nilipokufundisha kuandika pale jikoni, kwa wino wa masizi. Nilikuagiza uandike Bismillahi. Wewe ukaandika "njaa", nikainuka nikakuchomea muhogo. Hilo tunalijua wawili tu.

Nisalimie mama yako, mkwe wangu anayenidhania mlafi. Kaka yako mwambie sina kinyongo naye, ila asipokee kwa Sefu hata kuku. Zaituni mpakate kwa niaba yangu. Na hiyo kaniki, ivue leo.

Hamisi atakuwa amerudi hapa siku ya kumi na nane. Nijibu kwa mkono wako, si wa mtu mwingine: barua zangu mbili ulisomewa, au hukusomewa? Neno moja linatosha. Lakini siku ya kumi na nane isipite, maana nimechoka kuwa maiti.

Mumeo aliye hai,
Baba Zaituni