Mstari Mmoja kwa Vijiji Vitatu

Kwako baba Zuhura,

Tangu tukuzike nazungumza nawe moyoni tu. Leo nimeona niandike.

Nakumbuka tulipohamia Lindi, wewe mchora chati wa ofisi ya kilimo, mimi mke mpya. Jioni ulitandaza makaratasi mkekani ukanifundisha kuyasoma: mstari ukipanda, mavuno yamepanda. Nilijivunia mkono wako.

Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja, na hesabu za muhogo zilikuwa zimefika za kijiji kimoja tu. Ulirudi umenuna. "Bwana mkubwa kasema mstari tunao," ukaniambia. "Niufuatishe kwenye michoro ya vijiji vingine viwili, nibadili majina basi." Ukaweka karatasi nyepesi juu ya mchoro, ukaufuatisha. Kimoja kati ya vijiji hivyo ndicho alichohamishiwa mama yangu.

Kule muhogo ulikuwa bado mchanga, na mashamba ya zamani nguruwe walishayamaliza. Wanakijiji walipoomba mahindi ya msaada, wakajibiwa kwamba mchoro unaonyesha wana chakula. Mdogo wangu Somoe akaja kwa miguu kutoka huko kwa mama, midomo imempasuka. Hakufoka. Alisema tu, "Shemeji, mstari wako umeshiba. Sisi tunachimba mizizi ya ming'oko porini, nayo imekwisha."

Ulikwenda ofisini papo hapo, ukaomba uufute mchoro ule. Ukaambiwa mgeni keshaondoka na nakala, na ukifuta mmoja, yote itaonekana ya uongo. Tukafunga unga wote tuliokuwa nao, ukapanda lori na Somoe. Mlimkuta mama keshafunikwa shuka.

Uliporudi ulikaa kizingitini. "Mama Zuhura, niseme nini?" Hasira yangu ilikosa pa kukaa. Bwana mkubwa alihamishwa, mgeni simjui hata sura, na wewe nilikusikia ukilia uani huku ukimwaga maji nisisikie. Tuliishi, tukazaa, tukacheka pia, ila jina la mama halikutajwa tena nyumbani mwetu.

Ulipougua, Somoe ndiye aliyekulisha uji, kijiko kwa kijiko. Nilimvuta pembeni nikamuuliza anawezaje.

"Ana njaa, dada," akasema. "Nifanyeje?"

Mola akulaze pema, mume wangu. Mimi bado nipo nipo tu.

Mkeo,
Mama Zuhura